Mjukuu Asiyeinama

Watu wa Kalubihan Mungu aliwapa kila kitu isipokuwa urefu. Aliwapa miwa mpaka mlangoni, akawapa minazi, akawapa midomo ya kusemea wenzao, halafu, sijui kwa mzaha gani, akawatia moyoni mapenzi ya mpira wa kikapu. Kila ua una ringi, hata kama ni nondo iliyokunjwa na kupigiliwa kwenye mnazi, na chini ya kila ringi kuna watu wafupi wanaruka. Kwa hiyo Ruperto alipoanza kurefuka, akaupita mlango wa bibi yake na bado anaenda, mtaa mzima ulimtazama kama mali ya umma.

Bibi yake, Lola Pasya, maana huko bibi huitwa lola, hakuwa na habari na urefu huo. Urefu, alisema, ni wa baba yake, mtu aliyeondoka bila kuaga na ambaye angeweza angeondoka nao. Yeye alichojivunia kwa mjukuu wake ni magoti.

Kengele ya kanisa ikilia jioni, mtoto aliyelelewa huacha anachofanya, akaenda kwa wakubwa wake, akaupokea mkono wa kila mmoja na kuugusisha kwenye paji la uso wake. Watoto wengi huinama kidogo, wakagusa, wakakimbia. Wengine siku hizi hata hawainami, wanakuinulia mkono wako mpaka bega likuume. Ruperto alikuwa anapiga magoti. Jasho linamtiririka, mpira kautia kwapani, anapiga magoti yote mawili kwenye sakafu ya mbao ya Lola Pasya, anaupokea mkono wa bibi na kuutuliza kwenye paji la uso mpaka bibi amalize kumbariki. Akiwapo mgeni, na mgeni anapigiwa magoti vilevile. Wazee wa Kalubihan walimpenda mpaka wakaanza kuwaona wajukuu wao wenyewe ni hasara. Padri alimtaja kanisani.

Lola Pasya alikuwa mkandaji. Vifundo vilivyoteguka, shingo zilizolaliwa vibaya, wanawake waliotoka kujifungua, wote walipita mikononi mwake. Binti yake, mama wa Ruperto, alikuwa Taiwan akiwaogesha wazee wa watu, na nyumba ile ilibaki na watu wawili na kuku. Kulea mtoto wa mwanao uzeeni ni kazi isiyo na cheti. Hakuna anayekuja kukuambia umefaulu. Lola Pasya aliambiwa kila jioni, kengele ikilia, na magoti mawili kwenye mbao.

Ndipo likaja sanduku.

Aliyelileta ni Sir Melecio, mwalimu wa michezo wa sekondari, mtu mpole mwenye kitambi kidogo, ambaye mwaka ule alipewa kazi ya kupeleka timu ya vijana kwenye mashindano ya jimbo huko Bacolod. Alikuja nalo uwanjani begani, sanduku la mbao alilolichonga mwenyewe, juu yake kapigilia rula. Unakaa chini, unanyoosha miguu, nyayo zinagusa sanduku, magoti hayaruhusiwi kupanda. Kisha unasukuma vidole vya mikono mbele kadiri unavyoweza. Sharti lake lilikuwa moja. Ambaye vidole vyake vya mikono havifiki kwenye vidole vyake vya miguu, haendi Bacolod.

Vijana walicheka, wakakaa, wakafika. Wafupi walifika bila shida. Ruperto alikaa, akasukuma, na vidole vyake vikasimama katikati ya ugoko kama vimekuta lango limefungwa. Wenzake wawili walimsukuma mgongo kumsaidia, akatoa sauti isiyolingana na umri wake. Na huyo ndiye alikuwa kijana pekee wa Kalubihan anayeweza kuruka na kuning'inia kwenye ringi kwa mikono yote miwili.

Habari ilifika dukani kwa Soling kabla Ruperto hajanyanyuka pale chini.

Soling na Lola Pasya walikuwa rika moja. Soling ndiye aliyemshika binti wa Pasya siku ya ubatizo, na tangu hapo wakaitana mare, na tangu hapo hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote. Lola Pasya alikwenda dukani kutafuta siki.

"Mare, kaa," Soling akasema, akisukuma kigoda.

"Sikai, nina samaki jikoni. Siki."

"Umesikia ya mjukuu wako?"

"Nitasikiaje na ndiyo nafika?"

"Kakataliwa timu. Hakunjiki." Soling aliweka chupa ya siki kaunta, lakini mkono haukuiachia. "Si magoti, magoti mazima. Hapa nyuma," akajipiga nyuma ya paja, "pamekaza kama kamba ya kufungia nguruwe. Kuinama hawezi. Na huyo mwalimu naye sijui ana nini. Anataka kupeleka Bacolod watoto wa kugusa vidole vya miguu au watoto wa kugusa ringi?"

"Ana miaka kumi na saba. Atakunjika tu."

"Mimi sina neno, mare."

Soling akisema hana neno, vuta kiti, maana ndiyo anaanza. Lola Pasya aliujua mtego huo kwa miaka hamsini na bado akauliza.

"Lakini?"

"Lakini sasa ndiyo nimeelewa. Miaka yote tunaimba, Ruperto ana adabu, Ruperto ana adabu. Kumbe mtoto wa watu hawezi kuinama! Sasa angefanyaje? Mikono yetu iko huku chini, yeye yuko kule juu. Ndiyo anapiga magoti."

"Anapiga magoti kwa heshima."

"Haya. Kamwangalie kandambili ikimtoka. Na kandambili anaipigia magoti."

Lola Pasya aliondoka na hasira zake, akaiacha siki kaunta.

Angejizuia kumwangalia asingeumia, lakini nani angejizuia? Jioni ile kijiko kilianguka. Ruperto alipiga magoti, akakiokota. Kifaranga kiliingia chini ya meza. Ruperto alipiga magoti, akakitoa. Kisha akatoka uani, kandambili yake moja ikaponyoka ikalala kando ya ngazi, na yule kijana mrefu, kwa utulivu uleule, kwa magoti yote mawili, akanyoosha mkono akaipokea. Kengele ilipolia, Ruperto akaja, akapiga magoti, na bibi akampa mkono. Lakini kwa mara ya kwanza alikitazama kile kichwa kilichoinamishwa mbele yake na kujiuliza ni nani hasa aliyemheshimu miaka yote hii, mjukuu au mapaja yake.

Aliumia, tusifiche. Alijisikia mjinga aliyevaa mkufu wa bati akidhani dhahabu, tena kanisani, tena mbele ya Soling.

Kesho yake Sir Melecio alikuja mwenyewe, na mfuko wa mikate midogo ya moto mkononi kama mtu anayejua kwamba amekosea mahali.

"Nay Pasya," akaanza, nay yaani mama, "najua umenikasirikia."

"Mimi ni nani nimkasirikie mwalimu? Kaa." Alimpa kahawa bila kumwangalia. "Ila niambie. Kuruka anaruka?"

"Hakuna anayemkaribia."

"Basi vidole vya miguu vya nini? Watafunga magoli kwa miguu?"

Sir Melecio aliuzungusha mkate mkononi. "Unamkumbuka Delfin wangu, sikukuu ya mwaka jana?"

Nani asiyekumbuka. Delfin, mwana wa mwalimu, aliruka kugombea mpira, akashuka, na waliokuwa karibu wakasikia kama kitambaa kinachanika. Alitolewa amebebwa juu ya mlango, kwa kukosa machela.

"Mpaka leo akipanda ngazi anatanguliza mguu uleule," Sir Melecio akasema. "Alikuwa amekaza hivyohivyo nyuma ya paja. Mimi babaye, mwalimu wa michezo, nilikuwa namwona kila siku na sikufanya kitu, kwa sababu alikuwa anaruka vizuri. Sitaki kumrudishia mtu mtoto wake juu ya mlango, Nay. Ruperto mama yake hayupo. Nitakurudishia wewe."

Lola Pasya alimwongezea kahawa. "Na akikunjika ndiyo ataruka zaidi?"

"Hapana, sikudanganyi. Ninao wanaokunjika kama tambi na hawaruki hata unene wa gazeti. Kuinama ni jambo lake, kuruka ni jambo lake. Mimi nataka aende na miguu miwili na arudi nayo." Akala mkate wake hatimaye. "Tuna wiki tatu. Shuleni nitamfanyisha mazoezi mimi. Jioni ukimkanda wewe, tutafika. Mikono yako inajulikana mpaka mji wa pili."

"Nitafikiri," Lola Pasya akasema.

Na alifikiri kweli, ila si mambo ya kusimulia kwa padri. Alifikiri kwamba akiacha tu, bila kumkatalia mtu, bila kusema neno, vidole vitabaki pale ugokoni. Ruperto atabaki Kalubihan, na kila jioni atapiga magoti, na yeye atakufa siku moja akiwa bado anaweza kujiambia kwamba ilikuwa heshima. Lakini akimlainisha, ipo jioni itafika, mtoto atasimama wima mbele yake, atainama kidogo, atagusa na kukimbia kama watoto wote. Na Soling atakuwa amesema kweli. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa chungu kuliko yote.

Ruperto ndiye aliyekata shauri. Alikuwa anaosha vyombo, mgongo kampa bibi.

"Lola, mimi nataka kwenda."

Mtoto huyu hakuwa anaomba vitu. Tangu mama yake alipopanda ndege, alikuwa amejiwekea desturi ya kutosheka na kilichopo.

"Bacolod kuna nini?"

"Kuna timu za jimbo zima. Hata tukifungwa, sawa. Nataka tu nione kama huko nje bado mimi ni mrefu."

Lola Pasya alicheka. Akasimama, akashusha chupa ya mafuta ya nazi yaliyochemshwa na tangawizi.

"Funika hivyo vyombo," akasema. "Lala hapo kwenye benchi, kifudifudi. Na usinipigie kelele, Toto, mimi si mama yako."

Alipiga kelele. Wiki ya kwanza majirani waliacha kutazama saa, wakawa wanabandika wali Ruperto akianza kulia. Samaki mkunje angali mbichi, husema watu. Huyu alikuwa ameshakaribia kuwa ng'onda. Dole gumba la Lola Pasya lilipita nyuma ya paja na kukuta misuli imesimama kama kamba za hema, akaifuata mmoja mmoja, toka kwenye kalio mpaka nyuma ya goti, taratibu, bila huruma. Mchana Sir Melecio alimweka kisigino juu ya benchi la darasa, goti limenyooka, kifua mbele, pumua, tena. Jioni bibi, mchana mwalimu, na katikati yao kijana aliyekuwa anatembea kama aliyetoka kupanda farasi.

Kila jioni kengele ilitangulia mafuta. Lola Pasya alihakikisha hivyo. Kwanza magoti, kisha benchi. Aliyapokea yale magoti kama mtu anayekula taratibu chakula anachojua kinaishia sufuriani, na hakumuuliza mjukuu wake neno. Angemuuliza nini? Unaniheshimu, au umekaza tu? Kuna maswali mtu hayaulizi kwa sababu jibu lake, hata likiwa zuri, limeshaombwa.

Wiki ya pili vidole vilifika kwenye kifundo cha mguu. Sir Melecio alisimama mbele ya duka la Soling, watu wamejaa, akasema kwa sauti, "Nay Pasya, hii si mikono, hii ni dawa." Soling akajitia kuhesabu mayai. Lola Pasya alirudi nyumbani akiwa amerefuka kidogo yeye mwenyewe, na hapo ndipo palipoharibika, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Siku ya kuchagua timu ilikuwa Jumamosi, nao ulikuwa msimu wa mavuno. Nusu ya uwanja ilikuwa imeanikwa mpunga wa Soling, kama kawaida. Sakafu ya saruji iliyo laini ni moja tu Kalubihan nzima, na ringi na mpunga vimezoea kuigombania. Soling alikuwa anaukusanya kwa reki, akilalamika kwamba mpunga haujakauka na mpira haujazi tumbo la mtu.

Ruperto alifika anang'aa. Alikuwa anang'aa kama kitu kilichotoka kwenye karai. Bibi yake alikuwa ameamka jogoo wa kwanza. Alimkanda, akamkanda tena, akamfunga mapaja kwa majani ya mgomba yaliyopashwa moto, kisha akamkalisha chini miguu imenyooka na kumwegemea mgongoni kwa goti lake huku akinywa kahawa, muda wote wa kahawa, na ile ya pili. Akamkataza kuoga, asije akapata pasma: misuli yenye joto ikikutana na maji baridi, mikono itamtetemeka mpaka uzeeni. Hilo kila mtu alilijua.

Sanduku likawekwa. Ruperto akakaa, akanyoosha miguu, akasukuma vidole. Vikafika kwenye vidole vya miguu. Vikapita. Uwanja ukapiga makofi, na Lola Pasya, aliyekaa ukingoni na mwavuli wake, akamtazama Soling kwa upole wa mshindi.

"Sasa ringi," Sir Melecio akasema. "Kila mmoja. Nikuone unavyoruka, ndipo nichague."

Ruperto alirudi nyuma hatua zake alizozizoea, akaja, akaruka. Vidole viligusa wavu. Wavu tu, pale chini unapoishia. Watu walidhani anatania. Akarudi, akaja, akajikunja, akaruka, na ilikuwa kama kuinua gunia la maji: wavu tena.

Reki ya Soling ilisimama. Mtu mmoja nyuma akasema, "Wamemharibu," na hakuna aliyemkanusha. Ruperto alisimama chini ya ringi akitazama mikono yake kana kwamba yeye ni mgeni nayo. Hakulalamika. Aligeuka akamtafuta bibi yake kwa macho, na hakukuwa na lawama machoni mwake, na hiyo ndiyo iliyomkata bibi maini. Nimemwondolea kila kitu, Lola Pasya aliwaza. Nimemwondolea na mruko wake. Magoti nitayakosa, na Bacolod ataikosa, na yote nimeyafanya kwa mikono yangu hii inayosifiwa.

Sir Melecio alimjia, akachuchumaa kando ya mwavuli.

"Nay, leo asubuhi umemgusa?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Tangu jogoo."

"Jogoo yupi?"

"Wa kwanza," Lola Pasya akasema. "Na nikamkunja. Nikamkalia kidogo."

Sir Melecio alishika kichwa, mabega yakaanza kumtikisika, na ilichukua muda mpaka bibi akatambua kwamba anacheka. "Nay Pasya. Hujaharibu kitu. Msuli ukiuvuta muda wote huo, unasinzia. Umemleta mtoto uwanjani, mapaja yake bado yamelala nyumbani. Kuvuta ni kazi ya jioni. Kabla ya kuruka, mtu anakimbia, anarukaruka, mpaka damu ichemke. Wacha tumwamshe."

"Akimbie? Na mafuta yale, na jasho, na upepo huu? Atapata pasma."

"Hatapata."

"Na kwa Delfin ulisema hivyohivyo?"

Hilo lilikuwa pigo la chini ya mkanda, na bibi alilijutia papo hapo. Lakini Sir Melecio alikuwa mtu mzima. "Basi mvalishe taulo," akasema.

Kwa hiyo Ruperto, kijana mrefu kuliko wote Kalubihan, tumaini la jimbo, alifungiwa taulo dogo la uso mgongoni, limechomekwa kolani kama la mtoto wa chekechea, akaambiwa azunguke chungu ya mpunga wa Soling. Akakimbia. Akainua magoti. Akaruka mguu mmoja, akaruka mwingine, taulo linampepea nyuma, na vijana wenzake wakamwimbia wimbo wa kumkebehi wenye mashairi ambayo hayaandikiki.

"Lola, kaoshe nepi!" mmoja akapaza.

"Nitakuosha wewe," Lola Pasya akajibu, bila kuondoa macho kwa mjukuu wake.

Alikimbia mpaka mafuta yote yakatoka na jasho. Wengine waliruka zamu zao, ndizi za kukaanga kwa sukari zikanunuliwa zikaliwa, mpunga ukaingia magunia, na bado anazunguka. Kisha Sir Melecio akapiga filimbi na kuonyesha ringi kwa kidevu.

Safari hii sauti ya nyayo ilikuwa nyingine. Hata Lola Pasya, asiyejua mpira, aliisikia. Ruperto aliruka, akapanda, na ulipofika wakati wa kushuka hakushuka, akawa bado anapanda. Mikono yote miwili ilishika chuma. Ubao ukalia, kutu ikamwagika, na mjukuu wa Lola Pasya akaning'inia juu ya watu wote wafupi wa Kalubihan na taulo lake mgongoni.

"Kutu yote kwenye mpunga wangu!" Soling akalalamika, lakini alikuwa anapiga makofi.

"Shuka," Sir Melecio akasema. "Kapange begi."

Lola Pasya alilia kidogo chini ya mwavuli, akasema ni vumbi la mpunga. Alikuwa na furaha, furaha nzima, isiyo na kasoro, na alitembea nayo mpaka mlangoni kwake. Hapo mlangoni ndipo alipokumbuka kwamba jioni ilikuwa inakuja.

Soling aliikumbuka kabla yake. Dakika chache kabla ya kengele alipanda ngazi na chupa mkononi.

"Nimekuletea siki yako, mare. Ile uliyosahau."

"Wiki tatu, mare."

"Dukani kuna kazi." Soling akavuta kiti, akakaa pale ambapo mtu akikaa anaona mlango, ukumbi na kiti cha Lola Pasya vyote kwa pamoja. "Mimi sina neno. Nimekuja kupumzika tu."

Lola Pasya alikaa kwenye kiti chake. Aliweka mkono wa kulia juu ya paja, akauona umekuwa mkono wa mzee. Alijiambia kwamba Ruperto akiinama itatosha. Mtoto anayeinama ana adabu. Watoto wa watu wanainama na wazazi wao wanalala usingizi.

Kengele ikalia.

Ruperto alikuja mbio uani, akapanda ngazi, na kandambili moja ikaponyoka ikabaki kidato cha chini. Akageuka. Kwa miguu iliyonyooka kabisa, bila kukunja hata goti moja, aliinama toka kiunoni, mkono ukashuka ukashuka, akaiokota. Akaziweka zote mbili pamoja kando ya mlango, akaingia.

"Umeona, mare," Soling akanong'ona.

"Nimeona."

Ruperto alisimama mbele ya bibi yake. Alikuwa mrefu kweli. Kichwa chake kilikaribia taa. Akapiga magoti. Yote mawili, kwenye mbao, kwa kishindo kilekile, akaupokea mkono na kuutuliza kwenye paji la uso.

Lola Pasya alisahau maneno ya baraka. Ilimbidi aanze upya.

"Si siku hizi unaweza kuinama?" akamuuliza alipomaliza, kwa ukali kidogo, kwa sababu asingefanya ukali angefanya jambo jingine.

"Naweza."

"Sasa?"

Ruperto alifikiri, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula na mkono wa kulia. "Nikiinama naona miguu yako tu, Lola," akasema. "Nikipiga magoti nakuona."

Bibi alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, ile mikono iliyomfanya alie wiki tatu, akakaa nacho hivyo kwa muda. "Nenda kaoge," akasema. "Maji ya moto."

"Na mimi je?" Soling alikuwa ameshapanga sketi yake na kunyoosha mkono, tayari, maana miaka yote kila aliyekuwamo nyumba hii saa ya kengele alipigiwa magoti.

Ruperto alinyanyuka. Alimgeukia, akainama toka kiunoni, miguu imenyooka vizuri kama alivyofundishwa na Sir Melecio, akagusisha mkono wa Soling kwenye paji la uso mara moja, haraka, kama watoto wote, akaenda kuoga.

"Mungu akubariki," Soling akasema kwa mazoea. Aliutazama mkono wake. Akautazama mlango, na kando ya mlango kandambili zilizopangwa vizuri, moja yake imeokotwa kwa mtindo uleule.

"Kumbe kandambili ni mimi," akasema.

Lola Pasya alicheka mpaka akashika mbavu, akacheka mpaka Ruperto akauliza toka bafuni kuna nini, na Soling, ambaye hana neno, akasimama, akashuka ngazi na kwenda zake na chupa ya siki mkononi.